Majalada ya Hadithi za Kusisimua, na Wale Wanaoyatunza Huku Tabora

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kuletewa methali, vitendawili, majina ya watoto, na desturi za arusi na matanga. Leo twataka kusema habari za kitu ambacho wengi wetu tumekiona mara nyingi mikononi mwa vijana, tukakitazama kwa jicho la pembeni. Nacho ni jalada la kitabu cha hadithi za kusisimua: kile kitabu chembamba cha karatasi duni, chenye picha ya bastola inayofuka moshi, au ya mwanamke aliyevaa nguo ya kubana, au ya mtu aliyelala kifudifudi katika damu iliyo nyekundu kuliko damu yoyote ya kweli. Wataalamu wa fasihi huziita hadithi hizi riwaya pendwa. Jina hilo lafaa, maana zilipendwa kweli, hata na watu waliosema hadharani kwamba hawazijui.

Shabaha yetu si kuzisifu wala kuzilaani. Twataka kuonyesha kwamba picha ile ya juu ni sehemu ya historia ya Kiswahili kilichoandikwa, kwamba yenyewe hupotea upesi kuliko maneno yaliyomo ndani, na kwamba watu wachache wanaoikusanya wamefanya kazi ambayo shule zetu na maktaba zetu hazikuifanya.

Wako watu wadhaniao kwamba picha za namna hii ni uchafu uliotujia juzi kutoka mjini. Sivyo. Tabora yenyewe ilikwisha kuingia katika biashara hiyo tangu siku za misafara. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipokuwa hapa Unyanyembe, akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, mfanya biashara mmoja Mwarabu alimpa mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley akambadili jina, akamwita Kalulu, akafuatana naye hata Ulaya na Marekani. Mwaka 1873 akatoa kitabu cha hadithi kwa wavulana wa Kiingereza, jina lake *My Kalulu, Prince, King and Slave*, chenye picha, na mapigano, na wanyama wakali, na watu waliofungwa minyororo. Yule mtoto wa kweli hakuwa mfalme. Mwaka 1877 alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo, akiwa angali kijana mdogo. Basi kabla mtu yeyote wa Ng'ambo hajashika kitabu chenye picha ya kutisha, mtoto aliyepatikana mji huu huu alikuwa amekwisha kuuzwa mara ya pili, safari hii kwa wino. Twalitaja jambo hili mapema ili tusije tukadhani kwamba tamaa ya kuuza hadithi kwa picha za kushtua ilizaliwa Dar es Salaam.

Tena hadithi zenyewe za hatari na bunduki zililetwa katika Kiswahili na watu wenye heshima zao. Mwaka 1929 Frederick Johnson aliwapa wasomaji *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Kisiwa chenye Hazina*, navyo vikaingia madarasani, wala hapana mwalimu aliyeona haya kuvisoma mbele ya wanafunzi, ingawa ndani yake watu wachinjana kwa ajili ya almasi na dhahabu. Twadhani jalada lilisaidia sana. Kitabu kikiwa na jalada la adabu, mauaji yaliyomo huwa ni mafunzo.

East African Literature Bureau ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1948, kazi yake ilikuwa kuwapa wasomaji wapya vitabu vya kufaa. Ofisi hiyo ndiyo iliyofungua mlango, labda bila kujua ni nani watakaopita. Katika mashindano yake ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958 mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na hadithi yake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ikachapwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake ni mpelelezi mtulivu, mtu wa mazungumzo. Mwaka 1965 akafuata Faraji Katalambulla na *Simu ya Kifo*, na hapo mambo yakaanza kwenda mbio: simu yalia, mtu afa, Inspekta Wingo aitwa. Mwaka 1972 Edi Ganzel akatoa *Ndoto ya Mwendawazimu*. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona*. Hapana shaka wasomaji wetu walio na umri wa kutosha wamwajua Willy Gamba, hata kama hawajapata kumkiri.

Katika miaka hiyo hiyo vilikuja pia vijitabu vya hadithi za picha za kamera, navyo vilikuwa shule kubwa ya macho. Tangu mwaka 1968 kampuni ya Drum ilitoa *African Film*, ambamo Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika mwenye kofia na sigara nene, aliwapiga wabaya ngumi ukurasa baada ya ukurasa. Katalambulla naye akatengeneza *Film Tanzania* kwa Kiswahili, watu wa kawaida wakipigwa picha katika barabara za Dar es Salaam kana kwamba wamo katika sinema. Mtu aliyezoea vijitabu hivyo alijua kusoma picha ya jalada kwa dakika moja: nani mwema, nani mbaya, nani atakufa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na ofisi ile ya Nairobi ikafa pamoja nayo. Kisha ikaja vita ya Uganda, ikaja shida ya fedha za kigeni, maduka yakawa matupu. Mtu angedhani kwamba wakati ambapo hata sabuni ilipatikana kwa kupanga foleni, hadithi zingekwisha. Ikawa kinyume. Vitabu vya starehe vya kigeni havikuingia, na wenyeji wakaijaza nafasi. Waandishi wakawa wachapishaji wao wenyewe. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, alianzisha Heko. Kajubi Mukajanga alikuwa na Grand Arts Promotion. Wengine walifanya vivyo hivyo kwa jina la kampuni lililokuwa, pengine, ni meza moja na taipureta. Kwa watu hawa jalada halikuwa pambo. Hawakuwa na mkaguzi wa elimu wa kuwanunulia nakala elfu moja kwa shule, wala hawakuwa na tangazo la redio. Kitabu kilitandazwa chini, juu ya turubai, penye kituo cha basi au mlango wa soko, na mpita njia alikitazama kwa muda wa hatua tatu. Katika hatua hizo tatu ilikuwa lazima picha imshike mguu.

Hapo ndipo twapaswa kukaa kidogo, maana sura ya majalada haya ilitokana na mambo yasiyohusu tabia njema wala mbaya. Katika uchapaji kila rangi hutaka bamba lake, na kila bamba hutaka karatasi ipite tena katika mtambo. Rangi ya tatu ni gharama ya tatu. Kwa hiyo mchapaji maskini alichagua mbili, na mara nyingi zilikuwa nyeusi na nyekundu, maana nyeusi ilikuwa lazima kwa mistari na herufi, na katika rangi zilizobaki hapana iitayo mbali kama nyekundu. Damu, midomo, gari na gauni vyote vikawa vya rangi moja, kwa sababu hapakuwa na nyingine. Karatasi isipokaa sawasawa katika safari ya pili, wekundu ulihama: tumeona jalada moja ambalo midomo ya bibi mmoja imesogea mpaka shavuni, na damu ya marehemu yaelea hewani mbali na jeraha lake. Wanaocheka ufundi huu wangefaa kukumbuka kwamba vitabu vyetu vya sala vilivyochapwa katika miaka ile ya shida vilikuwa na kasoro zizo hizo, ila havikuwa na midomo.

Herufi za jina la kitabu zilichorwa kwa mkono, nene, zenye kivuli, kama zile za mabango ya vinyozi. Jina la mchoraji, katika vingi tulivyovitazama, halikutajwa mahali popote. Jambo hili latusikitisha kuliko wino uliohama. Twajua ni nani aliyeandika. Ni nani aliyechora, hata mwenye kitabu hana habari.

Na sasa tuje kwenye majina, maana gazeti hili ni la lugha. Tazama haya: *Duniani Kuna Watu*, *Mwana wa Yungi Hulewa*, *Jogoo la Shamba*, *Kijasho Chembamba*, *Roho Mkononi*, *Dunia Hadaa*, *Somo Kaniponza*, *Pesa Zako Zinanuka*. Mwenye sikio la Kiswahili hahitaji kuambiwa yametoka wapi. *Jogoo la Shamba* ni nusu ya methali, na nusu ya pili, kwamba haliwiki mjini, yaachwa makusudi ili mnunuzi aimalize mwenyewe. *Dunia Hadaa* ni nusu ya nyingine, na kila mtu ajua kwamba ulimwengu ni shujaa. *Somo Kaniponza* ni maneno ambayo yangekaa vema kabisa katika upindo wa kanga. Na neno somo, kwa maana ya mwanamke amfundaye mwari, lina historia ndefu ambayo msomaji wa bara pengine hupitwa nayo. Jalada la riwaya pendwa, basi, limejengwa kama kanga: picha ya kuvuta jicho, na chini yake au juu yake maneno mafupi yenye ncha, ambayo mtu akiyasoma hujiuliza yamlenga nani. Haya hayakutoka London wala New York. Picha huenda iliigwa, jina halikuigwa. Nasi twajua jinsi ilivyo rahisi kukusanya majina katika orodha na kusahau picha, lakini jina lililotengwa na picha yake ni kama methali iliyoandikwa bila kusema ilinenwa wakati gani.

Liko jambo jingine ambalo majalada haya yalishuhudia. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na tangu mwanzo wa mwaka 1969 sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua zilipigwa vita katika mji wa Dar es Salaam kwa kuwa ni utamaduni wa kigeni. Vijana walisimamisha wasichana barabarani. Katika miaka iliyofuata mwanamke wa jalada aliendelea kuvaa kile alichokatazwa mwanamke wa barabarani. Mtu atakayeandika historia ya mavazi katika nchi hii kwa kusoma hotuba peke yake ataandika nusu. Twakubali pia kwamba mwanamke huyo wa jalada hakuulizwa, maana alichorwa na mwanamume, akanunuliwa na mwanamume, na mara nyingi aliwekwa juu ya hadithi ambayo ndani yake hana kazi ila kufa au kudanganya. Hatutaki kulipaka jambo hili sukari.

Walakini jalada lilisema uongo kwa namna nyingine pia, nayo yaweza kumshangaza padre atakayefungua kitabu chenyewe. Ndani ya *Kufa na Kupona* na *Kikosi cha Kisasi* cha mwaka 1979, pamoja na ulevi na bastola zote, Willy Gamba apigana na maadui wa vyama vya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na msomaji wa Musiba alijua kwamba hatari iliyoelezwa haikuwa ya kubuni yote. Tumewaona watu waliosoma kitabu hicho kwa ajili ya picha wakatoka na habari za makaburu. Musiba mwenyewe, aliyefariki mwaka 2010, alikuwa mfanya biashara wa heshima, akaongoza chama cha wafanya biashara wa nchi nzima. Hakuwa mhuni wa vichochoroni.

Serikali nayo ilikuwa na mipaka yake. Mwaka 1976 ilipiga marufuku vitabu vya David Maillu wa Kenya, vilivyotolewa kwa Kiingereza na kampuni yake mwenyewe, Comb Books ya Nairobi. *After 4.30* na *My Dear Bottle* ndivyo vilivyosemwa zaidi. Ni jambo la kuangaliwa kwamba hadithi za Kiswahili, zenye majalada yasiyopungua kwa ujasiri, zilipita. Huenda aliyekataza alisoma Kiingereza kwa makini zaidi.

Hata hapa hatujasema vitabu hivi vilifikaje kwetu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likafunguliwa mwaka 1928. Na njia yake, kwa sehemu kubwa, ni jirani ya ile njia ya wapagazi kutoka Bagamoyo hata Ujiji. Pembe zilishuka, nguo na shanga zilipanda. Miaka mia moja baadaye riwaya zilipanda kwa njia hiyo hiyo, katika mifuko ya watu wa reli, wanafunzi warudio likizo, na wauza mitumba. Tabora ni mji wa shule na wa njia panda, treni zikingojana hapa, na abiria mwenye saa nyingi za kukaa hutafuta kitu cha kusoma. Mji huu huu ulikuwa na kiwanda cha chapa cha misheni pale Kipalapala, ambapo gazeti la *Kiongozi* lilichapwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo kijana wa Tabora alikuwa na maji ya visima viwili, naye alikunywa vyote.

Mtaa wa Ng'ambo, ambao jina lake lasema tu kwamba ni upande wa pili, tulimkuta mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, mwenye sanduku la bati lililojaa vitabu hivi. Jina lake hatulitaji kwa kuwa hakutaka. Tulisalimiana kwa Kinyamwezi kama ilivyo desturi, tukaketi barazani, naye akaanza kuvitoa kimoja kimoja, akivifungua vitambaa kama mtu afunguaye mayai. Hakuwa na vingi kama tulivyotazamia, lakini kila kimoja kilikuwa na jalada lake. Hilo ndilo sharti lake: kisicho na jalada hakiingii sandukuni.

Tulimwuliza, "Mzee wetu, je, maneno si yale yale?"

Akajibu, "Mwalimu, maneno nitakusimulia hata taa ikizimika. Picha nitakusimuliaje?"

Kurasa za ndani za vitabu hivyo zilitufundisha mengi. Wasomaji waliandika majina yao na vituo vyao: Itigi, Malongwe, Urambo, Kaliua, Uvinza. Kitabu kimoja kilikuwa na majina ya watu wanane kwa kalamu mbalimbali, na onyo la mwenye kitabu kwamba asiyerudisha atajibu kwa Mungu. Vingine vilishonwa upya kwa uzi wa gunia. Mzee alitueleza pia kwa nini majalada ni machache kuliko vitabu. Pini za chuma huota kutu na kukata karatasi penye mshono, na jalada ndilo la kwanza kuachia. Lakini sababu kubwa ni watu. Kijana aliyetaka kuingia na kitabu nyumbani alikichana jalada kwanza, au alikivika karatasi ya gazeti na kukigandisha kwa uji wa muhogo, na gazeti likibanduliwa miaka mingi baadaye huondoka na uso wa picha. Shuleni alikitia ndani ya kitabu cha Jiografia, ambacho ni kikubwa zaidi. Vilivyokamatwa na walimu viliingia kabatini, na makabati hayo, shule ikihama au mkuu akibadilika, husafishwa kwa moto. Vilivyobaki vilifungia karanga.

Na karatasi yenyewe ina mauti yake ndani. Ni karatasi ya rojo la mti lililosagwa bila kusafishwa. Ina asidi, hubadilika rangi ikawa ya majani ya tumbaku, kisha huvunjika mtu akiikunja. Waamerika walitoa jina la vitabu vyao vya namna hii katika hilo rojo. Gazeti la *Argosy* lilianza kuchapwa lote kwa hadithi juu ya karatasi hiyo mwaka 1896. Mwaka 1935 Allen Lane akaanzisha Penguin huko Uingereza, kwa majalada yasiyo na picha. Mwaka 1939 Pocket Books ya Marekani ikaanza kuuza vitabu vya senti 25, na kwa muda mfupi picha za majalada ya huko zikawa na ujasiri wa kutosha hata Bunge la nchi ile likaunda kamati mwaka 1952, chini ya Bwana Gathings, kuzichunguza. Wakati huo hapana aliyedhani kwamba ni kitu cha kutunza. Picha za asili za rangi, zilizochorwa kwa mikono ya mafundi, nyingi zilitupwa baada ya kupigwa chapa. Sasa watu huzitafuta kwa fedha nyingi, na mchoraji kama Robert McGinnis, aliyefariki mwaka 2025 baada ya kuchora majalada zaidi ya 1,000, huandikiwa vitabu. Kupitia vitabu vya James Hadley Chase, Mwingereza ambaye aliandika habari za majambazi wa Marekani kwa msaada wa ramani na kamusi, namna hiyo ya picha ilifika kwa wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam, na waandishi wetu hawakuficha kwamba walimsoma.

Tofauti yetu na Waamerika ni kwamba wao walichapa nakala kwa mamilioni, na hata uzembe wao uliacha mabaki. Sisi tulichapa kidogo. Nakala ikipotea huku, huenda ni ya mwisho.

Mtu atasema maktaba zipo. Zipo, na sheria yataka mchapishaji apeleke nakala. Lakini mchapishaji wa meza moja hakuwa na mazoea hayo daima. Na hata kitabu kilipofika, kilikutana na desturi ya maktaba za dunia nzima, nayo ni kung'oa jalada la karatasi na kulitupa, ili kitabu kitiwe gamba gumu la kitambaa. Ni desturi njema kwa maneno. Kwa picha ni kaburi. Siku hizi hadithi za Willy Gamba huzunguka katika simu za vijana, zimenakiliwa na watu wasiojulikana, wala hapana shaka kwamba maneno yatadumu kwa njia hiyo. Hayo maneno yamekwenda bila uso.

Twatambua ugumu wa jambo hili kwa msomaji aliye padre au mwalimu. Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa ya Kanisa Katoliki ilikoma mwaka 1966, lakini wajibu wa kuwalinda wadogo haukukoma, wala hatusemi majalada haya yabandikwe ukutani mwa darasa la tatu. Mzee wa Ng'ambo mwenyewe hulifunga sanduku lake kwa kufuli, na ufunguo hakai nao mjukuu. Kukihifadhi kitu si kukigawa. Waliotutangulia katika misheni waliandika nyimbo za unyago na maneno ya matambiko ambayo hawakuyapenda hata kidogo, wakayaweka, nasi leo twayasoma katika makala za wataalamu na kushukuru. Hawakuchoma kwanza.

Kwa hiyo twaomba kwamba mwalimu mkuu anayesafisha kabati la vitabu vilivyokamatwa avitazame kabla ya kuvipeleka shimoni. Kitabu chenye jalada kitiwe katika bahasha ya karatasi safi, kilazwe badala ya kusimamishwa, mahali pakavu, mbali na ukuta ambao mchwa wa Tabora wameuzoea. Pini zenye kutu zitolewe taratibu kwa kisu butu, na mahali pake pashonwe kwa uzi wa pamba. Selotepu isitumike kamwe, kwa maana gundi yake hugeuka kahawia na kula wino. Gazeti lililogandishwa juu ya jalada lisibanduliwe kwa nguvu. Majina yaliyoandikwa ndani yasifutwe, hata yale ya kipumbavu. Katika karatasi ya pembeni iandikwe kitabu kilipatikana wapi, mwaka gani, na kama mwenyewe akumbuka, kilinunuliwa kituo gani cha reli na kwa bei gani.

Na kama yuko msomaji ajuaye jina la mchoraji wa jalada lolote katika hayo tuliyoyataja, hata kama ni jina la utani tu alilojulikana nalo kiwandani, tafadhali atuletee.